Humber kwa Gaju

Ijumaa, 1 Julai 1988

Ukungu mpaka saa nne. Humber imekataa kuwaka. Si habari mpya.

Habari mpya ni ya Elpidius. Amepita na fimbo yake na ile kofia, akasimama penye uzio bila kuingia, akatangaza kwamba mwanawe Egbert anaoa huko Kibingo na mahari inakwenda Jumamosi ijayo. Nikampongeza. Nikauliza ng'ombe gani wanakwenda. Akawataja kwa majina, polepole, kama anasoma litania ya watakatifu. Wa mwisho akamtaja Gaju.

Gaju! Gaju wa marehemu mke wangu!

Kwetu sisi tuliotoka Rwanda, mahari ikishapokelewa, siku moja baba mkwe hurudisha ng'ombe mmoja kwa binti yake. Mke wangu Nyirabageni alirudishiwa mama yake Gaju. Gaju mwenyewe alizaliwa hapa hapa Kiruruma mwaka wa vita, mizinga ikisikika kwa mbali. Nakumbuka Nyirabageni alimziba ndama masikio kwa kanga yake. Yeye mwenyewe hakujiziba.

Miaka miwili iliyopita nilimpa Elpidius Gaju, naye akanipa Humber. Gari la Kiingereza! Viti vya ngozi, mbao ndani kama kabati la askofu. Lilikuwa la meneja wa mgodi wa bati huko Kyerwa, likarithiwa na karani wake, likaishia kwa Elpidius, ambaye alifugia kuku ndani yake. Nilikusudia kubeba maharusi. Nilihesabu kwamba kwa miezi mitatu nitakuwa na ng'ombe wawili wa kumrudishia mke wangu. Yeye aliuliza swali moja tu: je, kitu hiki kinakunywa maji kila siku, au kama ngamia?

Kinakunywa kila siku. Na kinayatoa chini.

Kwaresima hii Nyirabageni alifariki. Siku zake za mwisho hakuomba mengi. Alisema, Gaju alale nyumbani. Nikasema ndiyo.

Basi leo nikamsihi Elpidius turudishiane. Akacheka mpaka kofia ikamshukia machoni. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na watu wanapita kwenda gulioni na yeye anapenda kusikika, akasema kwa sauti kwamba Gaju atarudi kwangu siku Humber itakapoingia uani kwake kwa nguvu zake yenyewe, bila kusukumwa na mtu, bila kuvutwa na ng'ombe. Lakini iwe kabla msafara wa mahari haujaondoka. Ng'ombe akishafika Kibingo ni wa Kibingo.

Tukapeana mikono. Watu wakashuhudia. Wakacheka pia.

Nimemwita Novatus.

Jumamosi, 2 Julai

Novatus ni fundi wa baiskeli na mashine za kusaga. Anasema injini ni injini, tofauti ni majivuno tu. Amefungua boneti. Kiota cha panya. Yai moja, la zamani sana. Akaweka sikio juu ya injini kama daktari, akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akatoa hukumu: betri imekufa, rejeta inavuja, na breki hazina mafuta hata tone. Mengine, alisema, ni uzee, na uzee hautibiwi.

Nilipokuwa nafuta viti nilifika kile cha nyuma, upande wa kushoto. Hapo ndipo Nyirabageni alipokuwa akikaa Jumapili baada ya misa, kikapu magotini, viatu vya kanisani miguuni, gari limesimama chini ya mgomba. Alikuwa ananiuliza tumefika wapi. Namwambia Kyaka. Anatazama dirishani, anasema kweli, mto umejaa. Baada ya kitambo anauliza tena. Namwambia Bukoba ile pale. Anasema nisimame kidogo sokoni, anataka kuuliza bei ya sato.

Hatukuwahi kufika hata Kayanga.

Kiti nimekiacha bila kukifuta.

Jumapili, 3 Julai

Betri imepatikana! Kanisani.

Kigango chetu kina kipaza sauti, na kipaza sauti kina betri kubwa, karibu mpya, na mwenye kuitunza ni katekista Xaveri. Baada ya ibada nilimweleza kwamba betri huchoshwa na mahubiri kama watu. Kwamba Novatus anaweza kuichaji kwenye mashine yake ya kusaga. Kwamba mimi mwenyewe nitaibeba, nisimsumbue. Xaveri akashukuru sana. Akasema tangu nifiwe ameona moyo wangu umesogea karibu na Kanisa. Akanibariki, betri ikiwa kichwani kwangu.

Nilijisikia vibaya mpaka kwenye kona.

Jumatatu, 4 Julai

Rejeta tumeiziba kwa utomvu wa mgomba uliokorogwa na majivu. Novatus alitaka sabuni. Tulibishana. Tukatia vyote. Sasa inavuja mapovu.

Petroli nimepata kidogo kwa dereva wa lori la kahawa, baada ya kumsikiliza habari za mkwewe kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kisha hendeli. Novatus akaizungusha. Ikarudi nyuma, ikampiga kifundo cha mkono, akaruka ua mzima akitaja watu wa familia ya aliyeitengeneza. Kuanzia leo anafanya kazi kwa mkono wa kushoto. Nikazungusha mimi. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili chafya. Mara ya tatu... ikawaka!

Moshi! Kuku wote juu ya paa! Binti yangu Therese akatoka jikoni na unga wa muhogo mikononi, akasimama anasikiliza. Akasema inasikika kama mama anapokohoa kanisani kabla ya kuanza wimbo. Kweli kabisa. Ile ile. Tukacheka sisi wawili. Kisha yeye akatazama mikono yake, mimi nikatazama rejeta.

Baadaye Elpidius alituma mtu kutoka ng'ambo ya kilima kuuliza kama tunachinja, na kama tunachinja, mbona hatuwajulishi majirani.

Jumatano, 6 Julai

Breki.

Mafuta ya breki hayapo Kayanga. Hayapo kwa mapadri. Dereva wa basi anasema nimpe hadi wiki ijayo, ayatafute Bukoba. Wiki ijayo Gaju atakuwa anakula majani ya Kibingo.

Nilikaa juu ya kinu nikawaza. Ni kitu gani ambacho ni mafuta, hakiozi, na watu wetu wamekitumia tangu zamani kulainisha ngozi, mikanda, bawaba za milango, vidonda vya moto na maharusi?

Samli!

Samli tuliyonayo ni moja. Iko katika kibuyu kidogo kinachoning'inia juu ya kitanda. Nyirabageni aliisuka mwenyewe kwa maziwa ya Gaju, kabla Gaju hajaondoka, akaifukiza kwa majani yake, akawa anajipaka sikukuu tu. Pasaka, Krismasi, na siku ya ubatizo wa watoto wa wenzake. Kibuyu kilikuwa bado na zaidi ya nusu.

Nilimwambia Therese kwamba samli ya Gaju ndiyo itakayomrudisha Gaju. Alifikiri. Akasema maneno hayo yana hekima, baba, lakini asingependa kuyaona yakitendeka. Akachukua jembe akaenda kupalilia maharage. Maharage tulikwisha kuyavuna.

Tukaipasha moto ikawa kama maji, tukaimimina. Saa saba mchana, jua kali. Nikawasha, nikaendesha kutoka jikoni hadi mgomba wa mwisho, nikakanyaga. Ikasimama! Nikarudi nyuma, nikakanyaga. Ikasimama! Novatus akanisalimu kwa mkono wa kushoto kama rais.

Joto la injini likapasha yale mabomba ya breki, na ua wote ukanukia. Ukanukia Nyirabageni siku ya Pasaka, anafunga kitambaa mlangoni, ananiambia nifanye haraka.

Novatus akauliza mbona sifurahi. Nikamwambia moshi umeniingia machoni.

Alhamisi, 7 Julai

Saba Saba. Watu wote wamepumzika isipokuwa Elpidius, ambaye amekuja kupeleleza. Akaizunguka Humber mara mbili. Akapiga teke tairi, akasema limepasuka kama visigino vya bibi yake. Akanusa. Akauliza tunakaanga nini. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya gari zima. Akanywea kidogo. Ana wasiwasi! Nimemwona anameza mate.

Kisha akatoa la moyoni. Msafara hautaondoka mchana kama alivyodhani. Utaondoka mapema alfajiri, jua likitoka tu, kwa sababu Kibingo ni mbali na ng'ombe hutembea vizuri kukiwa na baridi. Wazee wameamua. Anayeongoza ni shangazi yake, bibi Kokuberwa, na bibi Kokuberwa hasubiri mtu.

Alidhani nitalalamika. Nikamwambia alfajiri ni sawa tu. Gari halijui saa.

Ijumaa, 8 Julai

Humber nimeiosha. Imeng'aa kiasi cha kuniona uso, na uso wenyewe umechoka.

Jioni nilikwenda kwenye kaburi, kule nyuma kwenye migomba. Nikamweleza mipango yote: betri, utomvu, mlima. La samli nililiacha mwisho. Nikasema, umesikia. Nikarudi.

Jumamosi, 9 Julai

Niandike yote.

Baridi kali. Pumzi ilionekana. Majani ya migomba yanadondosha maji. Humber iliwaka kwa hendeli ya pili, nikaona ni baraka. Novatus akakaa kando yangu, mkono umefungwa kitambaa, jiwe kubwa mapajani la kuweka chini ya gurudumu ikilazimu. Therese alikataa kupanda. Alisema atatufuata kwa miguu, ajue ni wapi pa kutuokota.

Tukapanda kilima kwa gia ya kwanza. Watu walitoka milangoni na miswaki. Tukafika juu kabisa, na chini kule ukaonekana ua wa Elpidius, ng'ombe wamefungwa tayari, wanaume kwa makoti, wanawake na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikamwona Gaju kwa ile rangi yake. Nikaita jina lake. Na hapo hapo rejeta ikatapika mapovu yote, injini ikakohoa, ikafa.

Juu kabisa! Pua imeelekea bondeni!

Nikakanyaga breki ili nitafakari. Mguu ukakutana na kitu kigumu kama mwamba. Breki haikushuka hata kidogo. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Mwamba! Nikaelewa. Samli imeganda. Mchana ni mafuta, alfajiri ya Karagwe ni jiwe. Mtoto yeyote anayepaka mkate anajua.

Novatus alinitazama usoni, akafungua mlango, akaruka yeye na jiwe lake. Jiwe lilibaki upande wake. Humber ikaondoka.

Kimya kimya! Hakuna injini, upepo tu. Nikakumbuka honi. Nikabonyeza honi tangu juu hadi chini, betri ya kanisa ikahubiri kama haijawahi kuhubiri, na watu wakatawanyika kama siku ya hukumu. Uzio wa minyaa, kwisha. Jamvi la kahawa iliyoanikwa, kwisha. Tukaingia uani, tukapita katikati ya makoti, tukazama kwenye lundo la samadi mpaka taa zikafunikwa. Mlango wangu ukafunguka wenyewe, kwa adabu.

Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Hata kuku.

Nikatoka. Nikasema shikamoo, bibi. Bibi Kokuberwa akajibu marahaba, akauliza kama na mimi ni mmoja wa washenga.

Elpidius akapata sauti. Akapiga kelele kwamba injini ilikuwa imezima, kila mtu ana masikio, na nguvu zake yenyewe maana yake ni injini! Nikamjibu kwamba hakuna mtu aliyesukuma na hakuna ng'ombe aliyevuta, na hayo ndiyo yalikuwa maneno. Mzee mmoja mwenye koti refu akasema mlima ndio uliosukuma. Elpidius akasema ahsante, mzee, umenena! Wengine wakasema mlima hauna mikono. Kukawa na baraza. Vibuyu vya Kibingo vilianza kufunguliwa, ndivyo nilivyojua shauri ni zito.

Bibi Kokuberwa akainua fimbo. Akamwuliza Elpidius, ng'ombe wako akiteremka kutoka malishoni, huwa unasema mlima umemleta? Akauliza tena, uzito ulioshuka ulikuwa wa nani? Akajibu mwenyewe: wa gari. Basi limekuja na nguvu zake, na samadi imelipokea.

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Kisha akasema jambo jingine, kwa sauti ndogo, na kicheko kikaisha. Alisema yeye ndiye aliyekesha na Nyirabageni zile siku, na alimsikia kwa masikio yake akimwita ng'ombe huyu kwa jina. Akasema yeye hataongoza msafara ambao nyuma yake kuna maiti anayeita.

Elpidius alivua kofia. Sikuwahi kumwona kichwa. Ana upara mdogo kama sahani. Akaenda mwenyewe kumfungua Gaju, akamfunga mwingine mahali pake, akanipa kamba mkononi. Akasema gari liko ndani ya samadi yake, kwa hiyo ni lake. Nikasema ndiyo.

Nikapanda kilima na Gaju. Therese alikuwa ameketi juu kule, karibu na jiwe la Novatus. Alishika pembe moja, mimi kamba, tukateremka nyumbani.

Jumapili, 10 Julai

Kanisani hapakuwa na kipaza sauti. Betri iko kwa Elpidius, chini ya samadi. Xaveri alisoma Injili kwa kupiga kelele mpaka sauti ikakatika kwenye neno la mwisho. Watu walisema leo wamesikia vizuri kuliko siku zote. Yeye alinitazama mimi tu. Nilitazama msalaba.

Jioni nilikwenda kumkamua Gaju. Akanikatalia. Akazuia maziwa, akageuza kichwa, akatazama mlango wa nyumba.

Nikajua. Nilipokuwa nakamua, siku zote Nyirabageni alisimama mbele yake na tawi la kufukuzia nzi, akimwambia maneno. Maneno ya kwao, ya kumsifu, marefu, moja baada ya jingine bila kukosea. Mimi nilikuwa nasikia tu huku mikono ikifanya kazi. Miaka yote ile nilidhani nayajua. Leo nimejaribu kuyasema. Nina mstari wa kwanza na nusu ya wa pili.

Therese akachukua tawi. Yeye pia hayajui. Alisimama pale pale pa mama yake, akavuma wimbo usio na maneno. Baada ya muda mrefu Gaju akaachilia kidogo. Kikombe kimoja hivi. Tulikunywa nusu nusu, tumesimama.

Amelala nyumbani. Nimetimiza. Sijui kwa nini nilidhani nitajisikia vingine.

Jumatano, 13 Julai

Elpidius amekuja. Safari hii alikubali kiti, akatafuna kahawa. Hakuwa na haraka.

Kwanza alileta betri, imeoshwa. Nimeirudisha kwa Xaveri na kumwambia imechajiwa. Xaveri aliinusa.

Kisha akaanza kusema kwa mbali. Mahari imepokelewa vizuri. Harusi ni Agosti. Humber wameitoa kwenye samadi kwa ng'ombe sita, ameisugua mwenyewe, imetoka vizuri, hasa zile mbao. Hakujua kama zina mistari mizuri vile. Kuku walikuwa wamezifunika. Nikamwambia azipake nta, si mafuta. Akasema ndivyo alivyofikiri. Tukazungumza mbao mpaka chai ikapoa.

Mwisho akasema. Angependa bibi harusi wa Egbert aletwe kwa Humber kutoka Kibingo. Lakini halimjui yeye, linanijua mimi. Halafu Gaju ana mimba, ya fahali wake, kwa hiyo ndama kwa haki ana mguu mmoja kwake tayari. Basi kwa nini tusielewane kama majirani? Ndama akizaliwa awe wake. Mimi nirudishiwe nusu ya Humber.

Nilifikiri kwa makini. Nilifikiri mpaka akamaliza kikombe. Kuanzia Kibingo hadi huku ni miteremko, kweli, lakini harusi ni saa nane mchana, jua likiwa kali. Na baada ya maharusi hao watakuja wengine. Kule Kituntu pekee kuna wasichana wangapi? Kwa miezi mitatu naweza kununua ndama wawili.

Tukapeana mikono.

Therese alisikia yote kutoka jikoni. Alipotoka aliuliza ni nusu ipi niliyopata, yenye injini au yenye viti. Nikamwambia jambo hilo hatukuligusa, tutaligusa kesho. Akauliza mama angesema nini.

Nikamwambia angecheka. Nina hakika angecheka. Nimekuwa nikiliwaza hilo tangu mchana, na kama si kwa yote, basi mwanzoni angecheka.